KUFUNGULIWA KWA BIBI MKUBWA NA SUALA LA PUA YA MWENYEKITI

CHAMA CHA WAONJA MVINYO MWEKUNDU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 31

Tarehe: Jumamosi ya mwisho ya robo mwaka, kuanzia saa kumi alasiri.

Mahali: Chumba cha kulia chakula, nyumbani kwa Mwenyekiti. Madirisha ya upande wa barabarani yalifungwa kwa sababu jirani alikuwa anapaka geti lake rangi, na alipoombwa aahirishe alijibu maneno ambayo hayahusiani na kikao hiki.

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu.
2. Makamu Mwenyekiti, daktari wa meno.
3. Mhazini, muuza maua, anayejulikana na wote kama Mama Maua. Aliketi karibu na mlango kama kawaida, kwa sababu harufu ya kazi yake huja naye.
4. Mtunza Chupa, fundi saa.
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi. Ni mdogo wa mke wa Mwenyekiti, kwa hiyo ni shemeji yake, jambo ambalo halijawahi kuathiri uandishi huu hata kidogo.

Aliyetoa udhuru: Mwalimu wa Muziki (mafua). Udhuru ulikubaliwa kwa mujibu wa Kanuni ya Saba.

Asiye mjumbe: Mke wa Mwenyekiti, ambaye ni mwenye nyumba, mwenye glasi, na dada yake Katibu. Aliingia na kutoka alivyopenda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwakumbusha kwamba katika chama hiki watu wanaonja, hawanywi. Wajumbe waliitikia "naam" huku macho yao yakiwa kwenye kabati la vyombo, ambako Bibi Mkubwa alikuwa amesimama.

Kwa faida ya kumbukumbu, Bibi Mkubwa ni chupa. Waanzilishi waliinunua kwa mchango wiki ile ile chama kilipozaliwa, wakailaza kwenye stoo iliyo chini ya ngazi za nyumba hii, wakakubaliana kwamba ifunguliwe siku mvinyo utakapokomaa. Mwenye kauli ya lini umekomaa ni Mwenyekiti. Miaka miwili mfululizo Makamu ameuliza, na miaka yote miwili Mwenyekiti amejibu, "Bado, anajipamba." Kikao kilichopita kiliamua kwa kura kwamba amejipamba vya kutosha.

Mwenyekiti alikumbusha pia utaratibu wa chama: glasi ikishamiminwa, hakuna mjumbe anayefungua mdomo kuusemea mvinyo kabla Mwenyekiti hajanusa na kutoa neno la kwanza. Makamu alisema utaratibu huo ndio hasa anaotaka kuuzungumzia. Aliambiwa asubiri ajenda.

KUMB. NA. 2/31: KUPITISHA AJENDA

Ilipitishwa. Makamu aliomba kuongeza jambo moja kwenye Mengineyo. Mwenyekiti alimuuliza ni jambo gani. Makamu alijibu kwamba ni dogo tu. Kwa uzoefu wa Katibu, daktari wa meno akisema "kidogo tu" mtu hushika mikono ya kiti.

KUMB. NA. 3/31: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha 30. Alipofika mahali panaposema "mvinyo wa pili ulionekana kuwa na matunda meusi, ngozi, na ukali wa kupendeza," Mama Maua alinyoosha mkono akasema kumbukumbu hizo hazikubali. Alieleza kwamba mvinyo uliobaki siku ile alipewa akaenda nao nyumbani, akauweka jikoni. Mama mkwe wake aliukuta, akaunusa, akaumimina kwenye kabichi. Kabichi ilisifiwa na nyumba nzima.

Mwenyekiti alisema hafahamu kabichi inaingiaje humu.

Mama Maua: "Inaingia kwa sababu mvinyo ule ulikuwa siki, Mwenyekiti. Tulikaa hapa watu wazima na heshima zetu tukanywa siki, tukasema ina ngozi."

Ubishi ulizuka. Ilibainika kwamba Mwenyekiti alisema "matunda meusi" na kila mjumbe akafuata, bendera na upepo. Fundi Saa alikiri kwamba siku ile aliona machozi yanamtoka, akadhani ndivyo mvinyo mzuri unavyomfanya mtu. Makamu alisema yeye alishuku tangu mwanzo. Katibu alimsomea maneno yake mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu: "una mwisho mrefu sana." Makamu alieleza kwamba hilo halikuwa uongo, kwa kuwa mwisho huo aliendelea nao mpaka Jumanne, akiwa kazini, juu ya wagonjwa.

Katibu naye aliulizwa aliandikaje vile na mdomo alikuwa nao. Katibu alijibu kwamba kazi yake ni kuandika yanayosemwa, siyo yanayonywewa.

Kumbukumbu zilithibitishwa baada ya neno "kupendeza" kufutwa.

KUMB. NA. 4/31: YATOKANAYO: HALI YA STOO

Mtunza Chupa alitoa taarifa kwamba chupa zote ziko salama, hazina vumbi, na amekuwa akizizungusha robo mzunguko kila wiki bila kukosa.

Mwenyekiti alimwomba arudie. Fundi Saa alirudia kwa fahari. Alieleza kwamba katika kazi yake kitu kisichozungushwa hufa, na kwamba haoni sababu mvinyo uwe na tabia tofauti na saa. Bibi Mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, alimpa nusu mzunguko.

Mwenyekiti alieleza, kwa sauti ambayo Katibu anaiita tulivu kwa ajili ya amani, kwamba mvinyo mwekundu unapokaa miaka mingi mashapo hutua chini, na kwamba kazi nzima ya kuuzeesha ni kuulaza mahali pa giza na ubaridi na kuacha kuusumbua. Aliuliza kama Fundi Saa ana mtoto mchanga wa kuzungusha nyumbani. Fundi Saa alisema hakuna aliyewahi kumwambia, na kwamba chama kilimpa cheo bila maelekezo.

Mwenyekiti alisema kwa bahati alimsimamisha Bibi Mkubwa kabatini tangu Alhamisi ili mashapo yashuke. Umiminaji utahitaji mkono wa mtu anayejua. Wajumbe wote walimtazama yeye, hata Makamu, ambaye alijirudi haraka akatazama dari.

Azimio: Fundi Saa asizungushe chochote ndani ya nyumba hii.

KUMB. NA. 5/31: PUA YA MWENYEKITI

Ajenda ilikuwa "Kumfungua Bibi Mkubwa." Makamu alisimama na kusema jambo lake dogo haliwezi kusubiri Mengineyo. Alisema kwamba chama hakiwezi kufungua chupa ya maisha kikiongozwa na pua iliyopitisha siki. Aliomba Mwenyekiti afungwe kitambaa machoni na aletewe glasi tatu anuse, bila kuonja, aseme ni nini.

Mwenyekiti alisema huo ni utovu wa adabu. Mama Maua alisema ni utovu wa adabu kweli, lakini glasi tatu siyo nyingi. Mwenyekiti alimtazama Katibu. Katibu alikuwa anaandika.

Kitambaa kilifungwa. Makamu alileta glasi zake kutoka jikoni zikiwa zimefunikwa sahani. Mwenyekiti alinusa ya kwanza, akaizungusha vizuri kama anavyofanya siku zote, akasema ni mvinyo wa wastani, wa kunywa na chakula. Ilikuwa sahihi. Makamu alianza kuonekana mdogo. Mwenyekiti alinusa ya pili, akakaa nayo muda, akasema, "Huu bado mchanga. Una ukakasi. Ungepumzishwa miaka mitatu, minne."

Ilikuwa chai ya rangi iliyopoa.

Hakuna aliyecheka, hata Katibu, ambaye kwa kawaida shemeji yake akijikwaa hujisikia vizuri wiki nzima. Ya tatu haikutolewa. Mke wa Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mkate na jibini. Alisema, "Hiyo ni chai yangu ya mchana, Daktari. Imetosha." Akaweka sinia mezani, akamfungua mumewe kitambaa.

Mwenyekiti aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo. Yameandikwa:

"Tangu ile homa ya mwaka juzi sinusi kitu. Kitu chochote. Nilidhani itarudi, nikanyamaza, siku zikapita, ikawa aibu kusema. Hiyo ya kwanza nimekisia. Na ile siki, ulimi ulinigutua, lakini nilikuwa nimeshasema matunda meusi mbele ya watu, ningerudi vipi? Jamani, si mvinyo tu. Maziwa yaliungua jikoni nimekaa pembeni yake nasoma gazeti. Naingia ndani mwangu naona kama nimeingia nyumba ya kupanga ambayo haijawahi kukaliwa. Nimestaafu, watoto wamehama, hiki chama ndicho nilichobaki nacho. Nilijua mkijua mtanitoa. Ndiyo maana nikasema anajipamba."

Mama Maua alimuuliza mke wa Mwenyekiti kama alikuwa anajua. Alijibu, "Nalala naye." Siri ya mtungi aijuaye kata.

Makamu, ambaye kwa kumtendea haki inaandikwa hapa kwamba sauti yake ilikuwa imeshuka, aliuliza kikao kinafanya nini kuhusu Kanuni ya Saba. Katibu aliisoma: "Mjumbe ambaye pua yake haifanyi kazi, kwa mafua au kwa sababu nyingine yoyote, atakaa nje ya chama mpaka ipone." Kanuni hiyo iliandikwa na Mwenyekiti mwenyewe, mwaka ule Mwalimu wa Muziki alipopiga chafya ndani ya jagi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Katibu hakufurahia kuona anavyoingia.

Fundi Saa aliuliza kama daktari amesema itapona lini. Mwenyekiti alisema daktari amesema azoee.

Katibu aliweka kalamu chini akasema, nje ya kumbukumbu, "Shemeji, kaa chini, hatujapiga kura." Mwenyekiti alijibu kwamba kanuni haisubiri kura, kwamba yeye ndiye aliyeitumia kuwatoa wenzake kila walipopata mafua, na kwamba hatajipendelea. Alisukuma kiti chake ndani ya meza, akachukua koroboi yake ya kusomea, yaani miwani, maana ndivyo anavyoiita, akatoka. Alikaa kwenye ngazi, kule ukumbini, juu ya stoo. Mlango uliachwa wazi kidogo.

KUMB. NA. 6/31: KUMFUNGUA BIBI MKUBWA

Makamu alishika kiti. Alisema kwamba hatua ya leo ni ya huzuni lakini chama ni kikubwa kuliko mtu. Alishika kizibuo.

Inapaswa kuandikwa kwamba Makamu ni mtu anayeishi kwa kung'oa. Alimshika Bibi Mkubwa shingoni, akamweka kati ya magoti, akazungusha, akavuta. Kizibo kilikatika katikati. Nusu ilitoka na nusu ikabaki ndani, imeoza kwa uzee. Mama Maua alisema, "Mzizi umebaki, Daktari." Makamu alisema hii hutokea, akatafuta kitu cha kusukumia kipande kiingie ndani ya chupa.

Sauti ilitoka ukumbini: "Usisukume!"

Makamu alisema aliye nje ya chama hana haki ya kuchangia. Sauti ilisema, "Ukisukuma utanywa maganda! Weka chupa chini, we mtu!" Makamu aliiweka chupa chini.

Mwenyekiti aliingia. Hakutazama mtu. Aliomba kisu chembamba, akapewa na mkewe kabla hajamaliza kusema. Alikipitisha kando ya kipande kile, akakizungusha polepole mno, akikivuta unywele kwa unywele, mpaka kikatoka kizima. Aliufuta mdomo wa chupa kwa kitambaa. Kisha akawasha mshumaa, akaweka jagi la kioo mezani, akainua chupa mbele ya ule mwanga na kuanza kumimina.

Katibu amehudhuria vikao vyote thelathini na moja na hajawahi kuona mtu akimimina vile. Mvinyo ulishuka kwenye ukuta wa jagi bila sauti. Mwenyekiti alikuwa anatazama shingo ya chupa, pale mwanga unapopita, na mkono wake haukutikisika. Rangi haikuwa nyekundu tena, ilikuwa imeelekea kwenye rangi ya matofali. Yale mashapo aliyoyasumbua Fundi Saa yalipofika shingoni kama moshi, Mwenyekiti alisimamisha chupa hapo hapo. Kilichobaki ndani ni kama vidole viwili. Fundi Saa aliuliza kama mashapo yana madhara kwa binadamu. Aliambiwa hayana. Baadaye chupa ilikutwa tupu.

Mwenyekiti aliwamiminia wanne, kila mmoja kidogo, akawaambia wasiukawize kwa sababu mvinyo mzee ukishapata hewa hauna muda. Akaanza kurudi ukumbini.

Mama Maua alisema, "Wewe, kaa hapa." Alikaa.

Wajumbe walinusa. Wakanusa tena. Halafu hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo neno la kwanza limekuwa likitolewa na mtu mwingine. Makamu, akiwa kwenye kiti, alitakiwa kuanza. Alikohoa na kusema, "Plamu." Fundi Saa alimuuliza kama amewahi kula plamu. Makamu alifikiri, akakiri kwamba hajawahi hata kuiona, ameisoma.

Mwenyekiti alisema, "Daktari, mimi sina namna ya kukukagua. Unaweza kuniambia lolote. Basi niambie la kweli."

Makamu alirudisha pua ndani ya glasi, akakaa humo muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Alisema unamkumbusha droo ya marehemu baba yake, ile ya chini, ya mikanda na tumbaku. Alisema hajaifikiria droo hiyo tangu mazishi. Mama Maua alisema yeye anasikia mawaridi ya siku ya nne, yale ambayo huwezi kuyauza lakini huwezi kuyatupa. Fundi Saa alisema unanuka kama saa ya mfukoni ukiifungua mgongo: shaba, mafuta, na jasho la mwenye nayo. Katibu alisema majani chini ya mti baada ya mvua, akaambiwa na wote kwamba hiyo ameitoa kwenye kijitabu. Ni kweli.

Kila mmoja aliposema, Mwenyekiti aliuliza maswali. Mikanda mipya au iliyochoka? Mawaridi ya rangi gani? Mafuta mazito au mepesi? Wajumbe walijikuta wanarudi kwenye glasi kutafuta majibu. Chama hiki hakijawahi kunusa kwa bidii namna hiyo.

Mke wa Mwenyekiti alikuwa anakusanya sahani. Mumewe alimwambia, "Na wewe." Alisema ana vyombo. Mumewe alirudia. Aliifuta mikono kwenye khanga, akachukua glasi ya Katibu bila kuomba, kama alivyochukua vitu vya Katibu tangu utotoni, akanusa.

Alinusa mara moja tu, akamtazama mumewe. Alisema:

"Hii ni lile koti lako la sufu, siku uliyokuja kwetu kujitambulisha. Ulinyeshewa njia nzima. Ukakaa sebuleni unatoa mvuke, baba anakuuliza unafanya kazi gani, unamwambia unapima ardhi, na maji yanachuruzika kwenye zulia. Mimi nililibeba lile koti kwenda kulianika jikoni. Nikaliweka usoni. Sikukwambia."

Katibu alikuwepo siku hiyo, akiwa mdogo, na anathibitisha zulia.

Mwenyekiti alichukua ile glasi mkononi mwa mkewe, akafumba macho, akanywa. Hakuonja, alinywa. Mwenyekiti aliagiza isiandikwe kwamba alilia.

KUMB. NA. 7/31: MENGINEYO

(a) Fundi Saa alipendekeza Kanuni ya Saba ifutwe. Ilifutwa kwa mikono minne. Makamu alisema alikuwa ameinua glasi kuomba kuongezwa, lakini wahesabu tu. Alirudisha kiti, akasema kinamuumiza mgongo.

(b) Mama Maua alipendekeza utaratibu wa Mwenyekiti kutoa neno la kwanza ukome, na kuanzia sasa awe wa mwisho, baada ya kusikia wote. Lilipita. Mwenyekiti alisema hilo ni bora, maana anayesema wa mwisho hawezi kuwaongoza wenzake kwenye siki.

(c) Makamu, akiwa amechangamka, alipendekeza mke wa Mwenyekiti aingizwe kwenye chama leo hii, bila ada, kwa cheo kipya cha Pua ya Chama, ili awe anakaa mezani na kuwaeleza wajumbe wote wananusa nini. Pendekezo liliungwa mkono na kila mtu. Wajumbe walisimama na kumwambia, "Shemeji, tunakuomba."

Alikuwa ameshavuta kiti, amekaa karibu na mumewe. Aliwashukuru. Alisema atakaa hapa kila kikao, lakini cheo hakitaki, na wajumbe watafute ya kwao.

"Hii pua," alisema, "ina mwenyewe."

KUFUNGA

Hapakuwa na jingine. Jagi lilipokauka Mwenyekiti alikifunga kikao, saa moja kasorobo jioni. Jirani alikuwa bado anapaka rangi na wajumbe watatu walimlalamikia harufu wakipita.

Zimesomwa na kukubaliwa, isipokuwa mstari mmoja ambao Mwenyekiti ameupinga na Katibu ameuacha.

........................................
Mwenyekiti

........................................
Katibu